Karata za kucheza ukiwa kwenye blaindi (na zile za kuachia tu)

Kuna maneno nikiyasikia mezani najua kabisa kuna mtu anakaribia kugawa hela, nayo ni haya: "aah, nusu si imeshaingia." Anayesema hivo siku zote yuko kwenye blaindi ndogo (hela ya lazima, naieleza chini), ameshika kitu kama Q-8 (kwini na nane) ya suti tofauti, moja kopa nyingine uru kwa mfano, kuna mtu ameshareizi (ameongeza dau) mbele yake, na yeye anazitazama zile karata mbili kwa muda mrefu utadhani zitabadilika. Afu anakoli (analipa dau hilohilo ili abaki). Kwenye meza yetu ya poka ya Ijumaa (tunachezea nyumbani kwa jamaa mmoja, hela ndogo, blaindi 500 na 1,000, mtu anaingia na laki moja) haya maneno yameshakuwa utani, ila ni utani ambao kuna watu unawala hela kila wiki na bado wanacheka.

Kwa wadau wa Kenya, naongelea poka ya Texas Hold'em, siyo ile ya kitaa ambayo mtu akikaribia kumaliza anasema "niko kadi". Huku kila mtu anapewa karata 2 za siri, afu katikati zinafunguliwa 5, tatu kwa mpigo ndo flopu, kisha ya nne, kisha ya tano. Na kabla hata karata hazijagawiwa, watu wawili walio kushoto kwa mwenye batani (alama ya mgawaji) wanalazimishwa kuweka hela, wa kwanza blaindi ndogo, wa pili blaindi kubwa. Bila hiyo hela hakuna sababu ya mtu kucheza chochote zaidi ya esi mbili, na esi mbili zinakuja mara 1 kwenye 221 kwa wastani, kwahiyo mngekaa mnakunywa soda mpaka alfajiri.

Sasa ukipiga hesabu, mkiwa watu 9 kila mzunguko unakutoa 1,500. Meza yetu na stori zake inaenda kama karata 25 (yaani kugawa mara 25) kwa saa, yaani mizunguko karibu mitatu, kwahiyo ukikaa tu unafoldi (unaachia) kila kitu unatokwa na kama 4,000 kila saa bila kumgusa mtu. Mkiwa 6 inaenda kasi zaidi. Na hapa ndo watu wanapopata presha, wanaona wanaibiwa, wanaanza "kulinda" blaindi zao kwa hasira.

Kitu ambacho kilinipa amani mimi ni kujua kwamba kwenye blaindi kubwa kila mtu anapoteza. Kila mtu. Hata wale wanaoishi kwa poka, ukiangalia rekodi zao za muda mrefu, nafasi ya blaindi kubwa iko hasi na blaindi ndogo iko hasi, faida yote inatoka kwenye batani na majirani zake. Ukifoldi kila mara kwenye blaindi kubwa unapoteza 1,000 kila ikikufikia. Mchezaji mzuri anapoteza labda 300, 400 kwa wastani. Hiyo tofauti ndo kazi yenyewe. Hutafuti kushinda pale, unatafuta kupunguza hasara, na ukishaelewa hivo namna ya kuchagua karata inabadilika kabisa, kwasababu swali halibaki "hizi karata ni nzuri?" linakuwa "hizi nikizicheza kwa bei hii nitapoteza pungufu ya nilichokwishaweka?"

Na kile ulichokwishaweka siyo chako. Hii watu wanaikubali vizuri tu kwa mdomo. Ukishamlipa konda nauli ya Mbagala afu ukagundua ulikuwa unaenda Tegeta, unashuka, hubaki ndani ya gari eti kisa nauli imeshalipwa. Ile 500 ya blaindi ndogo iko kwenye poti (hela iliyo katikati), ni ya atakayeshinda, faida pekee iliyokupa ni kwamba inakupunguzia bei ya kuendelea. Kwahiyo tuongee bei.

Uko blaindi kubwa, wote wamefoldi mpaka kwa mwenye batani, anareizi 2,500, blaindi ndogo anafoldi. Katikati kuna 2,500 yake, 1,000 yako, 500 ya yule, jumla 4,000. Wewe unatakiwa kuongeza 1,500 tu. Ukishaongeza poti inakuwa 5,500, na 1,500 kwenye 5,500 ni asilimia 27. Yaani karata zako zikiwa na uwezo wa kuchukua poti kwa haki asilimia 27 tu unakuwa hujapoteza kitu kwa hiyo koli. Na wewe ndo wa mwisho kuongea (kuamua), ukikoli hakuna wa kukushtukiza nyuma, flopu inakuja moja kwa moja. Akireizi 2,000 tu bei inashuka mpaka asilimia 22.

Asilimia 27 ni kidogo sana jamani. Hata 7-2 ya suti tofauti, ile karata ambayo kila mtu anaicheka, ukiipambanisha na A-K (esi na kingi) mpaka karata ya tano inashinda kama theluthi ya mara. Theluthi! Sasa kwanini tusikoli na kila kitu?

Kwasababu ya mpangilio wa kuongea. Baada ya flopu blaindi ndo wanaoanza, raundi zote tatu, flopu, ya nne, ya tano. Unacheki (unapitisha bila kuweka hela) huku hujui mwenzio ana nini, yeye anaona umefanya nini ndo anaamua. Kwahiyo ile theluthi ya 7-2 ni ya kwenye karatasi, ni kama wote mngeweka hela afu mkafungua karata zote bila kubetiana (kuwekeana dau). Kwenye meza ya kweli flopu inakuja 10-9-4, huna kitu, yeye naye hana kitu, anabeti, unafoldi. Umeshaachia sehemu yako ya haki. Karata mbovu zinachukua labda nusu na kidogo ya haki yake, karata zinazoeleweka zinachukua nyingi zaidi, na kinachozitofautisha hasa ni je, flopu ikija utakuwa unajua la kufanya?

Ndo maana suti moja ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, na wakati huohuo ndogo kuliko wanavyodhani. Najua inasikika vibaya, nieleze. Ukiwa na karata mbili za kopa, nafasi ya flopu kuleta kopa tatu ukapata tano za suti moja pale pale haifiki hata asilimia 1. Kwahiyo anayekoli reizi kubwa akiwa na K-3 za kopa "kwasababu ni kopa" anajidanganya. Lakini karibu mara 1 kwenye 9 flopu italeta kopa mbili, na hapo umepata sababu ya kubaki, sababu ya kukoli beti ya kawaida, hata sababu ya kumreizi mtu na kumfanya yeye ndo akune kichwa. Ukihesabu kwa karatasi suti moja inaongeza asilimia 2 mpaka 4 tu za ushindi. Ila ukiwa wa kwanza kuongea, kuwa na kitu cha kung'ang'ania ni jambo kubwa.

Kuna 8-6 za kopa nilicheza wiki chache nyuma ambayo naipenda kwasababu haina maajabu yoyote. Batani kareizi 2,500, jamaa anayereizi karibu nusu ya karata anazopata akiwa pale, nikakoli 1,500. Poti 5,500. Flopu K-7-5, kopa moja tu. Nacheki, anabeti 2,000. Mimi nikipata 4 au 9 nina mstari (karata tano zinazofuatana), karata 8 zinanisaidia kati ya 47 nisizoziona, kama asilimia 17 kwa karata inayofuata na zaidi ya asilimia 31 kama tutafika mwisho. Anaomba 2,000 kwenye poti ambayo ikikamilika ni 9,500, asilimia 21. Na nikiupata mstari atanilipa zaidi, hasa kama ana K. Nakoli. Ya nne ikaja 2, wote tukacheki, ya tano K nyingine, akabeti 6,000, nikafoldi. Nimetokwa na 4,500 ukihesabu na blaindi yenyewe, na jirani yangu akaninong'oneza "si bora ungefoldi mapema." Hapana kaka. Siku nyingine kwenye ile flopu ningemreizi mpaka 7,000 na angefoldi nusu ya alichonacho, siku nyingine 9 ingekuja na angenipa 20,000. Ukihukumu koli ya blaindi kwa kuangalia karata moja iliyopotea utaishia kufoldi kila kitu, maana karata nyingi unazolinda zitaishia hivohivo, cheki, cheki, foldi.

Basi dhidi ya batani anayereizi 2,500 mimi nakoli na vitu vingi sana ambavyo vingewashangaza wenzangu: jozi zote, esi zote za suti moja, kingi karibu zote za suti moja, 9-7, 8-6, 7-5 na hata 6-4 za suti moja, Q-9, J-9, 10-8 hata zikiwa suti tofauti, K-8 hivi kwenda juu. Ninachofoldi ni zile zenye mwanya mkubwa na suti tofauti, J-4, Q-3, 9-4, 7-2, 8-3. Hizo zikipata jozi ni jozi ndogo au jozi yenye mwenza (karata ya pembeni) mbovu, zisipopata hazina pa kwenda.

Lakini sasa ngoja, hizo namba zote ni za reizi ya 2,500. Nani anareizi 2,500 kwenye meza ya nyumbani? Kwetu mtu akireizi ni 4,000, 5,000, baada ya saa sita usiku ni 7,000. Akireizi 5,000 poti inakuwa 6,500 na wewe unatakiwa kuongeza 4,000, hiyo ni asilimia 38. Kutoka 27 kwenda 38, 6-4 inatoka, 10-8 suti tofauti inatoka, K-8 ndo kabisa. Hapa ndo naona watu wanakosea hasa wale waliosoma soma mitandaoni, wamekariri orodha ya karata za kulinda iliyotengenezwa kwa michezo ya intaneti ambako reizi ni ndogo, wanakuja kuitumia Ijumaa kwa mtu aliyereizi mara tano ya blaindi. Orodha haina kosa, bei ndo imebadilika.

Kitu cha pili baada ya bei ni nani kareizi na amekaa wapi. Kuna mzee mmoja kwenye meza yetu, shikamoo zake nampa kwa heshima zote, akiwa wa kwanza kuongea mezani na akareizi 3,000 mimi najua ana jozi kubwa au A-K, A-Q, basi, hana kingine, hajawahi kuwa na kingine. Bei yake ni nzuri, unaongeza 2,000 kwenye poti itakayokuwa 6,500, asilimia 31 hivi. Jamaa mmoja anayeuza spea Kariakoo alikuwa blaindi kubwa na A-8 ya suti tofauti. Akakoli haraka, esi bwana! Flopu A-J-4. Akacheki, mzee akabeti 4,000, akakoli. Ya nne 6, mzee 8,000, akakoli. Ya tano 2, mzee 15,000, hapo jamaa akashika kichwa, akaongea na karata zake, akakoli. A-K. Elfu 30 nzima imeenda, na ukimuuliza atakwambia alikuwa na bahati mbaya.

Bahati mbaya ipo wapi? Alipata alichokuwa anakitafuta, esi kwenye flopu, na ndo kilichommaliza. A-8 dhidi ya A-K inashinda kama robo tu ya mara. Weka 7-6 za suti moja dhidi ya A-K hiyohiyo, inashinda karibu asilimia 40. Watu wanabisha sana nikiwaambia hivi, 7-6 inakuwaje bora kuliko esi? Kwasababu 7-6 haigawani karata na mzee. Saba zote tatu zilizobaki na sita zote tatu ni zako peke yako. Halafu, na hili ndo kubwa zaidi kuliko asilimia zenyewe, ukikosa flopu na 7-6 unafoldi bila maumivu, umepoteza 3,000 yako basi. A-8 ndo inakubakiza mpaka mwisho. Karata inayokupa kitu cha pili kwa ubora mara kwa mara ni hatari kuliko karata isiyokupa kitu, na ukiwa blaindi, ukiwa wa kwanza kuongea, huna hata namna ya kujua kwamba uko wa pili mpaka ushalipa.

Kwahiyo dhidi ya mtu mgumu aliyereizi akiwa mwanzoni, A-8, A-9, K-J, K-10, Q-J za suti tofauti mimi naachia, hata kwenye blaindi kubwa, na 7-6 za suti moja nabaki nazo, na jozi ndogo nabaki nazo. Jozi ndogo hesabu yake rahisi, flopu italeta ya tatu yake kama asilimia 12, mara 1 kwenye 8 na nusu, kwahiyo nataka mtu awe na hela ya kutosha mbele yake na awe mtu wa kulipa. Mzee analipa. Mzee akiwa na esi mbili hajawahi kufoldi tangu nimjue.

Blaindi ndogo sasa.

Hii ndo nafasi mbaya kuliko zote mezani na ndo nafasi watu wanaichezea kizembe kuliko zote, kwa ile "nusu imeshaingia". Angalia: batani kareizi 2,500, wewe una 500 ndani, unatakiwa 2,000 kwenye poti itakayokuwa 6,000. Asilimia 33, tayari ghali kuliko jirani yako. Afu jirani yako mwenyewe yupo nyuma, hajaongea. Anaweza kukoli, mkawa watatu na wewe unaanza kuongea mbele ya wote wawili. Au anaweza kureizi. Ile Q-8 niliyoitaja mwanzo, jamaa alikoli 2,500 juu ya 500 yake, akijua ameona flopu kwa bei poa, kuna dada mmoja mkimya alikuwa blaindi kubwa, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaweka 14,000. Kimya. Aliyereizi akafoldi, jamaa akafoldi. Elfu 3 imekwenda na hakuona hata karata moja ya katikati.

Mimi kwenye blaindi ndogo karibu sikoli kabisa. Aidha nareizi juu ya reizi, kwa mfano wa 2,500 naweka kama 11,000, aidha nafoldi. Nikireizi namtoa jirani nyuma yangu, nachukua uongozi wa poti, na mara nyingi inaishia pale pale bila flopu, na kwenye kasino na mtandaoni hiyo ni faida ya ziada maana kwa kawaida poti isiyofika flopu haikatwi (nyumba haichukui sehemu yake). Ukikoli unalipa bei mbaya, unaongea wa kwanza, na nyumba inakata chake juu. (Kwetu hakuna makato rasmi, mwenye nyumba anachukua kidogo cha umeme na soda, hiyo hailalamikiwi.)

Za kureizi nazo kutoka pale dhidi ya batani ni zile unazozijua, jozi kuanzia 9 hivi, A-K, A-Q, A-J, K-Q, A-10 na K-J za suti moja, na ninaongeza chache zenye sura mbaya, hasa A-5 na A-4 za suti moja. Watu wanaona A-5 na wanauliza kwanini siyo A-9. A-9 ikikoliwa inakoliwa na A-K, A-Q, A-J, tumeshaona kwa muuza spea inavyoisha. A-5 ikikoliwa ina mstari wa 2-3-4 wa kutafuta, ina suti kubwa kuliko zote, na kitu kingine kizuri ni kwamba ukiwa umeshika esi moja, njia za mwenzio kuwa na esi mbili zinashuka kutoka 6 mpaka 3 na za A-K kutoka 16 mpaka 12. Yaani karata zinazoweza kukurudishia reizi zimepungua kabla hujasema neno. Ukikoliwa ukakosa flopu, unaachia, hujanasa.

Kuna kitu kimoja tu ambacho blaindi ndogo inaruhusiwa na wengine hawaruhusiwi vizuri, kuingia kwa kukoli tu bila kureizi pale wote wanapokuwa wamefoldi hadi kwako. Mwaka 2019 Noam Brown na Tuomas Sandholm, wa Carnegie Mellon na Facebook, walitoa programu yao inaitwa Pluribus, ikacheza Hold'em ya watu sita na wachezaji wa kulipwa, karata 10,000 ndani ya siku 12, ikawashinda. Ile programu hakuna mtu aliyeifundisha cha kufanya, ilijifunza kwa kucheza na nafsi yake kwa siku 8, na moja ya vitu ilivyoonyesha ni kwamba kuingia kwa kukoli tu ni kubaya kwa nafasi zote isipokuwa blaindi ndogo. Wakongwe walikuwa wanasema hivohivo miaka yote, lakini inapendeza kuona mashine iliyoanzia sifuri imefika palepale. Sababu ni bei tena, unaongeza 500 kwenye poti itakayokuwa 2,000, asilimia 25, na aliyebaki ni mtu mmoja tu mwenye karata asizozichagua.

Ila kwa meza kama yetu mimi hata hapo naangalia nani kakaa kushoto kwangu. Kama ni mtu anayefoldi foldi nareizi 3,000 na karibu nusu ya karata zote, haijalishi sana nini. Kama ni yule dada wa 14,000, nakoli na zinazoeleweka na kufoldi uchafu. Na mara nyingi halifiki huko kabisa, maana watu wakishafoldi wote blaindi wawili wanatazamana, mmoja anasema "tuchukue?", kila mtu anarudishiwa hela yake, karata mpya. Hata kwenye kasino nyingi za hela taslimu hiyo ipo na ni ustaarabu tu. Sharti ni moja, ukikubali ukubali usiku mzima. Anayekubali kugawana akiwa na J-4 na kukataa akiwa na kingi mbili, huyo watu wanamjua na hawampendi.

Upande mwingine kabisa ni pale watu wanapoingia wengi. Ijumaa hii inatokea zaidi ya mambo ya vitabuni. Mtu kareizi 4,000, wamekoli watatu, blaindi ndogo kafoldi, uko kubwa. Katikati 17,500 na wewe unaombwa 3,000. Asilimia 15 hata haifiki. Bei ya kutupa! Lakini usikimbilie Q-9 ya suti tofauti, ukiwa na watu wanne mbele yako jozi ya kwini yenye mwenza 9 haishindi kitu kikubwa, inashinda poti ndogo na kupoteza kubwa. Hapo nataka jozi yoyote hata 2-2, esi yoyote ya suti moja, na zile zinazofuatana za suti moja. Vitu ambavyo vikiingia vinaingia kweli. Jozi moja kwenye poti ya watu watano naiheshimu kidogo sana.

Na kama hakuna aliyereizi, wameingia tu kwa kukoli, we uko kubwa, ni bure. Cheki. Nimewahi kuona mtu anarusha karata zake katikati kwa hasira kwenye blaindi kubwa ambapo hakuna aliyemwomba hata shilingi, eti 9-3 hizi za nini. Angalia flopu bwana, hulipi. Ukiwa na kitu kikubwa, A-Q hivi, jozi ya 10, reizi na ureizi nyingi, 7,000, 8,000, maana hawa wameshaingia na hawapendi kutoka.

Kwenye mashindano bei inakuwa ya ajabu zaidi. Siku hizi mengi yanatumia mfumo ambao mwenye blaindi kubwa anamlipia kila mtu ile hela ya ziada ya kuanzia, kwahiyo kwa blaindi 500 na 1,000 kuna 1,000 nyingine imekaa katikati. Mtu akireizi 2,000, unaombwa 1,000 kwenye poti itakayofika 5,500. Asilimia 18. Hapo ukifoldi J-5 ya suti moja unagawa chipu. Ukikaribia nafasi za kulipwa ndo kidogo unajibana, kwasababu chipu ulizonazo zina thamani kuliko unazoweza kushinda, lakini hata hapo wengi wanajibana mno na wanaofaidi ni wale wenye rundo kubwa, wanareizi kila karata na hakuna anayewajibu.

Mwisho niguse ile 10-2, maana kila meza ina mtu wake wa 10-2. Doyle Brunson alichukua ubingwa wa dunia wa poka, WSOP (World Series of Poker), mwaka 1976 na tena 1977, na mara zote mbili karata ya mwisho alikuwa na 10-2 ikageuka fulu hausi (tatu za namba moja na jozi). Toka hapo karata ikabeba jina lake na watu wanaicheza kwa mapenzi. Kinachosahaulika ni kwamba ile ilikuwa watu wawili tu wamebaki, na mkiwa wawili kila mtu yuko blaindi kila karata, mwenye batani ndo anaweka ndogo na mwingine anaweka kubwa, hakuna kusubiri esi, ukisubiri umeisha. Hapo mwenzio akireizi mara mbili ya blaindi unaombwa 1 kwenye poti ya 4, asilimia 25, tena naye anareizi na karibu chochote. 10-2 za suti moja nakoli bila kufikiria, za suti tofauti naangalia ninacheza na nani. Wa kwetu yeye anaicheza kwenye blaindi ndogo, meza ya watu 9, reizi imeshapigwa 5,000, na akishinda nayo mara moja anatusimulia mwezi mzima. Mimi nampenda sana yule jamaa, nakaa kushoto kwake kila nikiwahi kufika.